Naomba ushauri: nimshawishije mume wangu tuangalie Crash Landing on You?

Wapendwa, habari zenu. Mume wangu akisikia tamthilia ya Kikorea anasema hivyo ni vilio vya wasichana. Mimi hii nimeirudia mara tatu, vipindi vyote 16. Yoon Se-ri, tajiri wa Seoul, anarushwa na kimbunga akiwa na mwavuli wa kurukia, ananasa kwenye mti upande wa Korea Kaskazini. Kapteni Ri, mwanajeshi wa huko Kaskazini, anaishia kumficha kijijini.

Kinachonimaliza ni vitu vidogo. Se-ri aliwahi kuomba mshumaa wa manukato, kapteni akamletea wa kawaida. Baadaye anapotea sokoni, giza limeingia, mara anamwona kapteni katikati ya watu ameinua mshumaa juu, na safari hii unanukia. Jamani! Halafu kuna yule askari wa kapteni, mlevi wa tamthilia za Korea Kusini, ndiye mkalimani kati ya Se-ri na askari wenzake. (Na Hyun Bin na Son Ye-jin, waigizaji wa kapteni na Se-ri, wenyewe walioana kweli mwaka 2022.)

Shida ni kwamba kipindi kimoja kinapita saa nzima, na mwenzangu dakika ya ishirini keshakoroma. Nimwanzishie katikati, kwenye vituko vya wale askari? Mliofanikiwa kuwavuta waume zenu, mlitumia njia gani?