Naomba ushauri: tufungue masomo (shule) kwa wazazi siku ya posho (samedi) ao tuache?

Jambo bandugu na badada. Niko mwalimu wa primeri hapa Goma, upande wa Ndosho. Tangu 2019 primeri ya leta (serikali) ni ya bure, lakini njaa yenyewe haikuisha: kuko mutoto wangu mumoja wa kalasi ya pili alikuwa analala tu juu ya kaye (daftari), nikamuuliza, akasema "mwalimu, leo haiko zamu yangu ya kukula".

Njo na komite ya wazazi tukaona posho saa nane tufungue kalasi mbili, moja wamama wafanye likelemba (kuchanga feza kwa zamu) na muuguzi apime watoto, ingine wakubwa wasaidie wadogo devuari (kazi za masomo za kufanya nyumbani). Marekani masomo za hivi ziko na mutu kazi yake ni kuunganisha masomo na familia, hapa ni mimi, na mushahara munaijua. Posho ya kwanza walikuya wamama saba tu, wengine eti tunataka kuwalipisha kwa mlango wa nyuma. Na direktere anaogopea madawati.

Mulioisha kufanya hivi, Bukavu ao Lubumbashi, funguo munaachia nani? Sentineli (mulinzi) munamulipa na nini? Na wababa, munawaleta namna gani?