Paa la kuficha limeniangusha, mvua imeingia hadi sebuleni. Nianzie wapi?

Kijana wa Goba:
Wakuu habari zenu. Nina nyumba ya hizi za kisasa za paa la kuficha, ukisimama nje huoni bati unaona ukuta tu, nimehamia mwaka wa pili huu. Juzi saa nane usiku mvua na upepo vimepiga, nasikia kitu puu! kumbe jipsamu ya sebuleni imeshuka na maji yake na taa moja inadondosha. Asubuhi nikapanda, bati mbili za ukingoni zimenyanyuka, na ule mfereji wa katikati maji yamesimama mpaka kwenye kifundo cha mguu. Fundi aliyeezeka anasema nimpe laki nne na nusu apake silikoni kwenye misumari yote, mwingine anasema ng'oa bati zote mwaga zege. Nimechanganyikiwa, na wife kila akipita na deki ananikumbusha kwamba yeye alitaka mgongo wa tembo, lile paa la mteremko linaloonekana.

Bati Geji 28:
Pole mkuu. Kwanza zima mainswichi, hiyo taa usiiguse mpaka fundi umeme aje. Jipsamu ikiwa bado imevimba sehemu nyingine weka ndoo chini toboa na bisibisi maji yashuke hapo hapo, ukiiacha inashuka dari nzima.

Sasa hiyo silikoni ni kumpa mgonjwa wa malaria panadol. Tatizo lako sio misumari, maji hayana pa kutokea. Piga hesabu, paa la mita 10 kwa 10, mvua ya milimita 50 tu, ni lita 5,000 hizo, tani tano, zote zinakimbilia kwenye mfereji mmoja. Bomba likiziba na majani maji yanapanda yanaingia chini ya bati yanatembea juu ya mbao halafu yanadondokea mbali kabisa, ndio maana watu wanaziba pale juu ya doa na bado inavuja. Bomba la kushushia maji ni inchi ngapi na yako mangapi? Na kwenye ule ukuta wa juu kuna matundu ya dharura ya kumwaga maji nje?

Kijana wa Goba:
Liko moja mkuu, inchi 2. Matundu hakuna, fundi alisema yataharibu muonekano.

Bati Geji 28:
Inchi 2 ni ya sinki hiyo jamani 😂 Weka mawili ya inchi 4, pande mbili tofauti, toboa na matundu kwenye ukuta chini kidogo ya mdomo wa mfereji, ili mabomba yakiziba maji yamwagike nje uyaone. Mlalo wa bati, yaani mteremko wake, pia upime, chini ya sentimita 9 kwa kila mita mimi siezeki.

mwana wa Kilindoni:
Mimi naongelea upepo. Kimbunga Hidaya kilipopita huku Mafia Mei 2024 nilijifunza kwamba upepo haukandamizi bati, unalinyonya kwenda juu, na unaanzia ukingoni na kwenye kona, sawasawa na zilivyong'oka zako. Kwahiyo usirudishie msumari kwenye tundu lile lile limeshalegea, tumia skrubu zenye mpira na pale kwenye kingo uziweke karibu karibu. Halafu chungulia chini kama kenchi, yale mafremu ya mbao yanayobeba bati, zimefungwa kwa chuma kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, au zimekalia tu, maana bati likishika vizuri na kenchi haijafungwa vinaondoka vyote pamoja. Kagua na huo ukuta wa juu kama una nyufa, ukidondoka huo ni matofali.

Bi Mkunazini:
Huyo wa zege msimsikilize hata kidogo. Zege la sentimita 15 kila mita ya mraba ni kama kilo 360, kwa hiyo mita 10 kwa 10 ni tani 36, na kuta zako zilijengwa zibebe bati! Mie nakaa chini ya zege Unguja na nalo linavuja likikosa mlalo, nimeweka lami ya kuchoma na fundi nilimwambia hapewi pesa ya mwisho mpaka tuzibe mabomba tujaze maji juu siku mbili tutazame dari. Nyumba ngapi za Mji Mkongwe zilikuwa na dari za boriti na chokaa, bapa kabisa, watu wakachoka wakaja kuezeka mabati juu yake.

Chura wa Jangwani:
Kumbe wife alikuwa sahihi, mgongo wa tembo oyee

Kijana wa Goba:
Mrejesho wakuu. Nimepanda na kijana mmoja tumechokonoa bomba tumetoa majani ya mwembe wa jirani, mfuko wa saruji na kandambili moja sijui ya nani, maji yameondoka dakika kumi. Kenchi kweli zimekalia tu hazijafungwa. Jumamosi natoboa ukuta na kuweka mabomba ya inchi 4, kenchi zinafungwa wiki inayofuata, jipsamu itasubiri mpaka inyeshe tena nione. Wa silikoni sijampigia, yeye ndio anapiga sana.