Naomba ushauri: nimpe mwanangu asome Ready Player One?

Wakuu, habari zenu. Mwanangu ana miaka 13, akishika gemu hata kula anasahau. Nimemaliza kusoma Ready Player One ya Ernest Cline, riwaya ya 2011. Ni mwaka 2045, dunia imechakaa. Kijana Wade anaishi Oklahoma City kwenye matrela yaliyopandishwa moja juu ya lingine, na watu wamekimbilia OASIS, ulimwengu wa gemu wa kompyuta unaouingia kwa kuvaa miwani maalumu. Hata shule anasoma humohumo. Upweke wake umenigusa mno. Ninachohofia, mtoto ataliona onyo au ataitamani OASIS yenyewe? Nimwachie asome peke yake, tusome wote jioni, au tuanze na filamu ya Spielberg ya 2018? Mliolea vijana wa rika hili, mlifanyaje?