Picha za wasifu wa kikazi: nyuma nyeupe, kijivu au ofisi yenyewe?

Mwanga_Laini
Habari wakuu. Nimepewa kazi ya kuwapiga wafanyakazi wa ofisi moja picha za wasifu. Ni watu wa rika zote na rangi zote za ngozi, na watakaoajiriwa baadaye picha zao zitakaa ukurasa uleule na hizi. Suala la mandhari ya nyuma nimeachiwa mimi: karatasi nyeupe, karatasi ya kijivu, au humohumo ofisini nyuma kukiwa na ukungu, yaani vitu visionekane wazi. Nyeupe naiona safi, ofisi ina uhai, kijivu nahofia itakuwa baridi mno. Mnanishauri nini?

FremuTupu
Nyeupe. Kurasa nyingi za tovuti ni nyeupe, kwa hiyo kingo za picha hazionekani na jicho linakwenda moja kwa moja usoni. Ila ukuta mweupe usipouangazia kwa taa zake utatoka kijivu kichafu. Weka taa mbili za nyuma, ziizidi kidogo nguvu taa ya usoni. Zikizidi, weupe unaanza kula mashavu na masikio.

JichoPevu
Nyongeza muhimu kwenye nyeupe. Kamera ikiachwa ijipimie yenyewe, hukisia kwamba kilicho mbele yake kwa wastani ni kijivu cha kati. Ikikuta weupe mwingi inapunguza mwanga, na anayeumia ni mwenye ngozi nyeusi: ukuta safi, uso giza. Nyuma ikiwa nyeusi mambo yanageuka, uso unaungua. Pima mwanga usoni, upange kamera kwa mkono, basi. Inaniuma kusikia mtu akiambiwa uso wake ni mgumu kupigwa picha, ilhali kilichokosewa ni kipimo.

Kivuli_na_Nuru
Mkuu Mwanga_Laini, chukua kijivu. Ubaridi unaouhofia unatokana na mwanga bapa, ule unaopiga uso wote sawasawa bila vivuli, si karatasi. Na karatasi hiyo moja inakupa rangi kadhaa kwa kubadilisha umbali tu. Taa ndogo ikiwa mita 1 mbele ya uso na karatasi mita 1 nyuma ya mtu, karatasi inapata takriban robo ya mwanga unaofika usoni. Msogeze mtu pamoja na taa yake hadi karatasi ibaki mita 3 nyuma, inapata 1/16, inakaribia weusi. Ukitaka iwe nyepesi, ielekezee taa ya pili.

Hapo ndipo faida ya watu mchanganyiko ilipo. Mwenye nywele nyeusi na koti jeusi, angaza karatasi nyuma ya mabega yake ili umbo lake lijitenge. Mwenye mvi au kitambaa cheupe kichwani, iache karatasi izame. Wote wataonekana wametoka chumba kimoja, na hakuna atakayemezwa.

Umbali huohuo unazuia kivuli cha mtu kuanguka kwenye karatasi, na mikunjo yake haionekani. Roli ya upana wa mita 1.35 inatosha kwa kichwa na mabega. Ile ya 2.72 ni ya mtu kuanzia kichwa hadi miguu, au kikundi. Andika vipimo vyote vya taa, mtu na karatasi, maana mwajiriwa mpya akija utarudia hivyohivyo.

MamaStudio
Wanangu, msiitupe ofisi haraka. Kwa mtu ambaye kazi yake ina sura, kama fundi au mpishi, mahali pa kazi panasema mengi kuliko karatasi. Tumia lenzi ya milimita 85, tundu la lenzi liwe wazi sana, f/2 au f/2.8, na mtu akae mbali na ukuta. Halafu kagua nyuma kabla ya kubonyeza: nguzo isimtokee kichwani, ukingo wa meza usimkate shingo. Ukungu hauzimi mwanga mkali, taa ya dari inageuka duara kubwa jeupe kando ya sikio. Ukungu wa programu za simu nao hula nywele za kipilipili na miguu ya miwani.

Ila kwa ukurasa utakaoongezewa watu kila mara, nakubaliana na Kivuli. Samani zitahamishwa, rangi ya ukuta itabadilika, na picha mpya hazitafanana na za mwanzo.

Pikseli
Na kitambaa cha kijani, halafu nyuma ibadilishwe kwa kompyuta?

Kivuli_na_Nuru
Hapana. Kijani kinarudi kwenye kidevu na kingo za nywele, utakesha ukikisafisha uso baada ya uso.

FremuTupu
Kwa hoja ya waajiriwa wapya nimekubali kijivu. Jambo moja: ipunguze picha iwe ndogo kama ukucha, ndani ya duara, kama itakavyoonekana kwenye wasifu. Kama umbo la kichwa halijitengi hapo, badilisha mwanga wa nyuma.

Mwanga_Laini
Shukrani sana wakuu, na Mama pia shikamoo. Nachukua kijivu, roli ya mita 1.35. Chumba nilichopewa ni kifupi, nyuma ya mtu nitabakiwa na mita 1 na nusu hivi. Itafaa?

MamaStudio
Marahaba mwanangu. Itafaa. Taa ya usoni iweke pembeni na juu kidogo ili kivuli kianguke nje ya fremu, na uisogeze karibu na uso kadiri fremu inavyoruhusu. Anza na wawili, mwenye ngozi nyeusi kuliko wote na mwenye ngozi nyeupe kuliko wote, kabla hujawaita wengine.