Alituuzia kompyuta zenye Windows 7 na kuzima masasisho "ili bando lisiishe"

Ndugu wanajamvi,

Mimi ni mtunza hesabu wa kikundi cha wafanyabiashara wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Mwaka jana tulinunua kompyuta mbili zilizotumika katika duka moja la Mwanga, zote zikiwa na Windows 7, na tulipomwuliza muuzaji kama mfumo huo haujapitwa na wakati, alijibu kwamba ni mwepesi na ndio unaozifaa mashine hizo. Hakutuambia kwamba Microsoft ilikwisha kuacha kuutolea viraka vya usalama (marekebisho ya kuziba mianya ya wadukuzi) tangu tarehe 14 Januari 2020.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilikuta kila faili la madeni limeongezewa mwishoni mwa jina herufi nisizozijua na halifunguki, na katikati ya kioo kuna barua ya Kiingereza inayodai malipo ya bitcoin. Kompyuta ya pili, tuliyoiunganisha kwa waya ili kushirikiana mafaili, ilikuwa hivyo hivyo. Flashi ya akiba nayo imekwenda, kwa sababu niliiacha imechomekwa (hilo ni kosa langu, silikatai). Sasa ninaandika upya madeni kutoka kwenye stakabadhi zinazonuka dagaa, na wadaiwa kadhaa wamesahau ghafla walichukua magunia mangapi.

Fundi aliyezikagua alikuta huduma ya kushirikiana mafaili, SMB toleo la kwanza, iko wazi, na kiraka chake cha Machi 2017 hakijawahi kuwekwa. Huo ndio mwanya uliopitiwa na WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai malipo, mwezi Mei mwaka huohuo, kikaenea katika nchi zaidi ya 150 na kuzivuruga hospitali za Uingereza. Kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, ilhali kiraka kilikuwa kimetolewa bure miezi miwili kabla. Kwetu hakikuingia kwa sababu muuzaji alikuwa amezima masasisho, na nilipomkabili alisema bila haya, "Dada, nilikuokolea bando."

Najua atatokea wa kunijibu kwamba hata mifumo mipya hudukuliwa. Ni kweli, lakini mpya huzibwa. Mfumo wa zamani una sehemu nyingi zilizorithiwa na ule mpya, kwa hiyo kiraka kinapotolewa kwa mpya, mhalifu hukichambua, akajua udhaifu ulipo, kisha akaenda kuutafuta kwenye ule wa zamani ambao hauna tena wa kuuziba. Kumwuzia mtu mashine ya namna hiyo na kumficha jambo hilo ni udanganyifu.

Nilirudi dukani kudai fidia. Aliniambia atanipigia Windows upya kwa shilingi 20,000. Nilipomwuliza ni Windows gani, akajibu, "Ileile dada, nyepesi."