Remmy Ongala wa injili: tulimsusa bila kumsikiliza?

Kituo_cha_Mwisho (mleta mada)

Wanajamvi, salaam kwenu.

Kila siku makonda wanaita "Kwa Remmy!" pale Sinza, na wengi wanaoshuka hawajui huyo Remmy, mwanamuziki wa dansi, alikuwa nani. Wale wanaomjua, hadithi yao inaishia kwenye Kifo, Siku ya Kufa, Mambo kwa Soksi na zile safari za tamasha la WOMAD huko Ulaya. Baada ya hapo utasikia tu "akaokoka, akapotea". Miaka yake ya mwisho, mpaka anafariki Desemba 2010, Dk. Remmy alikuwa anaimba injili. Kuna albamu, Kwa Yesu Kuna Furaha. Kwenye makala za kumkumbuka kipindi chote hicho kinapewa sentensi moja, tena ya mwisho.

Mimi nasema tulimkosea. Yule mtu alikuwa mhubiri tangu akiwa na bendi yake ya Super Matimila. Nani mwingine kwenye dansi alisimama mbele ya watu wenye bia mkononi akawaimbia habari ya siku ya kufa, nao wakacheza? Mnyonge, maskini, mgonjwa, mfiwa: watu wake hawakubadilika. Sasa kwa nini akiwaimbia akiwa Matimila tunaita falsafa, akiwaimbia akiwa kanisani tunaita mzee kachoka?

Naomba kuwasilisha.

Kapuku_Tandale

Siti ya mbele. Karanga ninazo.

Solo_Kavu

Mkuu, mada nzuri ila umeipaka sukari. Remmy wa Matimila nyuma yake kulikuwa na magitaa yanaitikiana, besi inatembea, tumba, drams za mtu mzima. Likifika chemko, pale muziki unapokolea watu wacheze, hata mlinzi getini anaacha rungu. Kwenye injili akapewa kinanda na ngoma za kubonyeza. Hapo hata angeimba malaika Gabrieli tusingesikiliza.

Halafu tuseme ukweli, mzee hakuokokea kanisani, aliokokea kwenye kiti cha magurudumu. Kiharusi kikinipiga hata mimi naokoka kesho asubuhi.

Mama_Wawili_Kimara

Solo Kavu, nilikuwa nasoma tu nipite, umenisimamisha.

Mama yangu mzazi alipigwa kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, mdomo ukaenda upande. Alikuwa mwanakwaya kabla, na Jumapili ya kwanza aliyorudi kanisani aliimba sauti ya pili kwa nusu ya mdomo, mate yanadondoka kwenye leso, mimi nimeishika. Hiyo kwako ni kitu cha kuchekea? Mtu akiumwa ndiyo imani yake inakuwa feki?

Solo_Kavu

Mama, pole kwa mzazi. Ila sijamtaja mama yako. Nimemtaja msanii, msanii anajadiliwa.

Mama_Wawili_Kimara

Umemtaja mgonjwa.

Mpiga_Besi_Mstaafu

Vijana, shusheni pumzi. Nimepiga muziki enzi hizo, bendi siitaji. Solo Kavu hoja yake ya kwanza ni ya kweli, ya pili ni ya kijiweni.

Kuhusu kinanda: bendi zetu vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Awe shirika, awe jeshi, awe tajiri, wewe msanii ulikuwa na koo lako na suruali ya jukwaani. Siku unayoondoka, iwe umefukuzwa au umeokoka, gitaa linabaki. Ukienda kurekodi injili kwa fedha zako mwenyewe, studio anakuuliza una shilingi ngapi, unaziangalia, anakuwekea kinanda. Mtu mmoja anapiga besi, drams na tarumbeta kwa vidole kumi. Hiyo haikuwa ya walokole peke yao. Kaseti nyingi za miaka ile zilitoka hivyohivyo, na Bongo Fleva nayo ilizaliwa kwenye mashine. Kwa hiyo msikilize sauti kwanza, muziki wa nyuma ni risiti ya mfuko wake.

Kapuku_Tandale

"Msanii ulikuwa na koo lako na suruali ya jukwaani." Mzee, andika kitabu.

Tumaini_Jipya

Bwana asifiwe. Mnaosema Remmy alipotea, alipotea kwenu. Mbinguni hawapigi chemko.

Solo_Kavu

Ulifika lini ukarudi kutuambia?

Mwana_Kiambu

Habari zenu ndugu. Huku Kenya tulikuwa na hii kesi kabla yenu. Joseph Kamaru, mfalme wa nyimbo za Kikuyu, yule ambaye Ndari ya Mwarimu yake iliwakasirisha walimu nchi nzima, 1993 akatangaza ameokoka, akavunja bendi, akaanza injili. Mashabiki wakahama na kanisa nalo likawa linamwangalia na jicho la pembeni. Baadaye akarudi kwa zile za zamani. Kwa hivyo si Remmy pekee, ni msikilizaji wetu huyu. Anataka msanii abaki pale alipomwacha.

Kapuku_Tandale

"Kwa hivyo", "na jicho la pembeni". Karibu sana jirani, tutakurekebishia Kiswahili humu humu bure.

Mwana_Kiambu

Asante, na nyinyi tutawarekebishia reli.

Kapuku_Tandale

Ya kwetu inatumia umeme, yenu bado inakunywa dizeli. Endelea.

Msomi_wa_Kaseti

Naomba nipanue mjadala. Mwaka 1979 Bob Dylan, mwanamuziki wa Marekani, Myahudi wa Minnesota, aliokoka na kutoa Slow Train Coming, iliyorekodiwa Muscle Shoals kule Alabama, na Mark Knopfler akiwa kwenye gitaa. Novemba ile akapiga maonyesho 14 ukumbi wa Warfield, San Francisco, injili mwanzo mwisho, za zamani hakugusa hata moja. Watu walinuna. Zikafuata Saved na Shot of Love, na kwa miaka mingi wachambuzi walikiona kipindi kile kama homa iliyompita. Mpaka 2017 ilipotoka Trouble No More, mkusanyiko wa rekodi za majukwaani za miaka ile, ndipo wengi wakasikia kwamba ile bendi ilikuwa moto na wale akina mama waitikiaji walikuwa wanachoma ukumbi. Maoni yakageuka.

Angalieni kilichotokea pale: kanda zilitunzwa. Waliobadili mawazo walikuwa na cha kusikiliza. Sasa nauliza, Remmy akiimba injili kwenye mkutano wa hadhara, nani alirekodi? Za Matimila nyingine zipo maktaba ya iliyokuwa Redio Tanzania, nyingine kampuni ya rekodi ya Real World walizitoa kwa CD mwaka 1989 na 1992. Za injili ziko wapi, mbali na kaseti za mitaani? Huwezi kutathmini upya kitu ambacho hakuna aliyekitunza.

Solo_Kavu

Tuko Sinza mtu anatuletea San Francisco.

Tumaini_Jipya

Huyo Dylan si ndiye alirudi duniani baadaye? Mfano mbovu.

Msomi_wa_Kaseti

Mnasoma hadi mwisho lakini?

Kigoda_cha_Baba

Nipo kinyume kidogo na mleta mada. Tatizo si kuokoka. Cosmas Chidumule, yule aliyeimba Neema na bendi ya Sikinde, naye aliacha dansi akaingia injili, na nyimbo zake zilipigwa redioni na watu wakazipenda, hata wasio wa kanisa. Kwa hiyo msikilizaji Mtanzania hana shida na mwanadansi aliyeokoka. Chidumule alikuwa na sauti ya kubembeleza, ukimhamishia kanisani anakaa vizuri tu. Remmy alikuwa mtu wa utani, wa kujiita sura mbaya, wa kubishana na wakubwa. Ukimwondolea ugomvi unabaki na nusu ya Remmy.

Zaidi ya hapo hata akiwa Matimila hakuwa mgomvi muda wote. Alimwimba Mrema akiwa waziri wa mambo ya ndani, mkumbuke.

Kapuku_Tandale

Mrema wa siku saba! Lyatonga! Dah, mmenikumbusha mbali.

Mpiga_Besi_Mstaafu

Mrema wakati ule hata wewe ungemwimba. Mtu alikuwa anaingia kituo cha polisi bila taarifa.

Mzalendo_Mchovu

Na 1995 akahamia upinzani, NCCR, watu wakasukuma gari lake. Leo watu hao hao wamekaa kimya. Nchi hii.

Kituo_cha_Mwisho

Wakuu, Mrema ana nyuzi zake. Kigoda, hoja ya nusu ya Remmy naikataa. Sikiliza Kifo tena, ile sauti ya kukwaruza inayoongea na wewe kama jirani yako wa uani. Hakuna ugomvi na mkubwa yeyote mle. Kuna mtu anamuuliza kifo mbona hana huruma, magitaa yanang'aa juu yake utadhani ni harusi. Huo ni wimbo wa dini usio na kanisa. Injili yake ilikuwa ni kuja kujijibu swali lake mwenyewe.

Ustaadh_Kigamboni

Samahani, jina lake kamili ni Ramadhani Mtoro Ongala. Mbona hili halisemwi?

Kituo_cha_Mwisho

Limesemwa sasa. Tafadhali tusifike huko.

Ustaadh_Kigamboni

Sifiki popote, nimetaja jina tu. Kindu kwao Kongo majina ya pwani yalifika zamani na misafara, na watu wa imani zote wanayo. Mnashtuka nini?

Tumaini_Jipya

Turudi kwenye mada. Mnalaumu kanisa halikumpokea. Jiulizeni kwa nini. Mtu aliyeimba Mambo kwa Soksi, watoto wanaimba mitaani, leo unampa maikrofoni aongoze sifa? Inahitaji muda. Redio ya serikali yenyewe iligoma kuupiga.

Mama_Wawili_Kimara

Tumaini, hapo ndipo umeharibu. Mambo kwa Soksi ulikuwa wimbo wa kuwaambia watu wavae kondomu, miaka ambayo tulikuwa tunazika kila wiki. Ugonjwa hata jina hautajwi, mnasema "amerogwa", "kichomi", "malaria kali". Shangazi zangu wawili. Kwenye misiba yote miwili hakuna mchungaji aliyetaja ugonjwa. Aliyetaja ni mtu mwenye rasta na gitaa.

Tumaini_Jipya

Kanisa lilifundisha uaminifu. Soksi ilifundisha watu kutenda dhambi kwa tahadhari.

Nesi_wa_Zamu

Tumaini, uaminifu ni wa watu wawili. Mimi nilikuwa wodini miaka hiyo, nimeosha wake waaminifu wengi sana.

Mpiga_Besi_Mstaafu

Hapo umemaliza, dada.

Tumaini_Jipya

Hajamaliza. Mnaturudisha kulekule, kana kwamba kanisa ndilo lililoleta ugonjwa. Waliokesha na wagonjwa ni akina nani? Waliolea yatima ni akina nani? Dada yangu mimi alilea watoto sita wasio wake, wa familia tatu, na wimbo wa soksi hakuwahi kuuimba. Mnasifu wimbo, uji hamkuupika.

Mama_Wawili_Kimara

Dada yako namheshimu. Lakini wale watoto sita wangekuwa na wazazi wao kama kuna mtu angewaambia mapema.

Solo_Kavu

Kwa hili nipo na Mama Wawili. Wimbo ule pia ulikuwa na solo safi.

Mama_Wawili_Kimara

Wewe usinisogelee, bado nina kiporo chako cha kiharusi.

Kigoda_cha_Baba

Na gitaa kanisani lisiwe kisingizio. Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu walikuwa na magitaa ya umeme miaka hiyo, na nyumba zote za walokole zilikuwa na kaseti zao. Leo Rose Muhando anaruka na sebene zima nyuma yake. Remmy alinyimwa tu.

Tumaini_Jipya

Hakunyimwa. Aliimba mpaka mwisho.

Mwana_Kiambu

Swali kutoka kwa jirani: kuna yeyote hapa amesikiliza hiyo albamu kutoka mwanzo hadi mwisho? Nauliza kwa wema.

Kapuku_Tandale

Mimi nilikuja na karanga tu.

Solo_Kavu

Nilisikia mbili kwenye redio.

Tumaini_Jipya

Mimi niliyasikia mahubiri yake.

Mpiga_Besi_Mstaafu

Nilikuwa nayo, ikaazimwa.

Mlei_wa_Manzese

Nimechelewa. Kuhusu kanisa na kaseti: nilipookoka, mchungaji wetu wa wakati ule alitutaka tulete vitu vyote vya dunia vikachomwe. Nikapeleka kaseti yangu ya Mambo kwa Soksi, ya kunakili, nimeandika kwa peni. Tukaimba, ikamwagiwa mafuta ya taa, ikaungua vizuri sana. Nimefika nyumbani ndiyo nakumbuka upande B nilikuwa nimerekodi kwaya.

Kigoda_cha_Baba

Kwaya gani?

Mlei_wa_Manzese

Hao hao wa Ulyankulu.

Mama_Wawili_Kimara

Na mchungaji ulimwambia?

Mlei_wa_Manzese

Ningeanzaje.