Marsabit hadi Maralal kupitia jangwa la Chalbi: nibebe mafuta na maji kiasi gani?

Mguu_Njiani
Wadau, salamu. Tuko watu watatu, Prado 120 ya dizeli, tangi la lita 87. Mpango ni lami hadi Marsabit, kisha Maikona, Kalacha, North Horr, Loiyangalani, South Horr, Baragoi, tutokee Maralal. Siku tano, mwisho wa mwezi wa saba. Nimepanga madumu sita ya dizeli juu ya keria na pipa la maji la lita 200. Tairi ni mpya, za lami, spea moja. Kimepungua nini?

Fundi_Nyika
Mzigo umezidi na tairi zimepungua.

Piga hesabu. Kutoka Marsabit hadi Maralal kwa njia hiyo ni kilomita 500 hivi. Gari lenye mzigo kwenye mchanga na mawe liwekee kilomita 6 kwa lita, sahau zile 10 za lami. Hizo ni lita 84. Ongeza theluthi moja ya kupotea njia na kunasa, zinafika 112. Jaza tangi Marsabit mpaka shingoni, beba madumu mawili ya lita 20, una 127. Yanatosha.

Dumu la lita 20 za dizeli lina kilo 17 na ushee. Sita juu ya paa ni zaidi ya kilo 100 kabla hujahesabu keria yenyewe. Mtikisiko wa barabara iliyojikunja kama bati hukata bolti za keria, na uzito wa juu huliangusha gari ubavu kwenye kingo za laga, yaani mito mikavu. Madumu yakae ndani, chini, yamefungwa kwa mikanda.

Maji: lita 6 kwa mtu kwa siku, watu watatu, siku tano, ni 90. Weka 10 za rejeta. Usiyatie kwenye pipa moja. Gawa kwenye madumu matano, likipasuka moja bado una manne.

Tairi za lami ziache nyumbani. Mawe meusi ya volkano kabla ya Loiyangalani hayatoboi, yanachana ubavu, na kamba za pancha hazishiki ubavu. Chukua tairi za njia zote zenye ubavu mgumu, spea mbili, na tyubu moja ya saizi yako. Ubavu ukichanika, kata kipande cha tairi kuukuu, kiweke ndani kama kiraka, tia tyubu, uende polepole.

Laga_Kavu
Nakubaliana na Fundi, naongeza upepo wa tairi, maana hapo ndipo wengi hukosea. Lami 34 psi. Ukiacha lami shusha hadi 26, na mwendo usizidi 60. Mchanga wa laga 18. Ukishanasa kabisa, 15, lakini usikate kona kwa nguvu kwani tairi itatoka kwenye rimu. Ndiyo maana kompresa ya betri si anasa: ukishusha bila njia ya kurudisha, mawe yatakumaliza.

Kila baada ya saa moja simama, ziguse shokapu nne kwa kiganja. Zote zikiwa moto mno, pumzika robo saa. Moja ikiwa baridi na tatu moto, hiyo baridi imekufa na wenzake wanaibebea kazi. Kaza nati za magurudumu baada ya kilomita 50 za kwanza, na kibano cha betri pia. Watu husahau betri mpaka inapoanza kucheza.

Dizeli inayouzwa kwa madumu huko mbele usiitie moja kwa moja. Itie kwanza kwenye chupa angavu, subiri dakika kumi. Maji hukaa chini, na pampu na nozeli za injini hiyo hazisamehe maji. Beba chujio mbili za dizeli.

Nyumba_ya_Kalacha
Mwezi wa saba ni kiangazi, mmechagua vizuri. Lakini Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale: juu ukoko mweupe wa chumvi, chini tope. Mvua ikinyesha hata mbali, ulizeni Maikona kabla ya kuingia. Fuateni alama za magari yaliyotangulia, msikate njia ya mkato hata kama ng'ambo inaonekana. Gari likianza kuzama, acha kukanyaga mafuta papo hapo, rudi kinyumenyume kwenye alama zako mwenyewe. Jeki bila ubao wa sentimita 40 kwa 40 itazama yenyewe, gari libaki palepale.

Loiyangalani upepo hutoka kusini-mashariki. Egesha pua ya gari ielekee upepo. Ukifungua mlango huku upepo ukitoka nyuma, bawaba zinapinda. Na kuanzia Baragoi ulizeni polisi hali ya njia kila asubuhi. Usiku msitembee.

Nikiwa na spea moja tu, ningeingilia Laisamis, kwenye lami kabla ya Marsabit. Barabara ya Loiyangalani kutoka huko ilitengenezwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo. Chalbi mtaikosa, lakini tairi zitashukuru.

Mguu_Njiani
Asanteni sana. Keria inashuka leo. Swali moja: njia ya Laisamis upepo utakuwa mgongoni, sindano ya joto ikipanda nifanye nini?

Laga_Kavu
Upepo wa nyuma unaifuata gari, hewa haipiti kwenye rejeta. Zima AC, shusha gia moja ili feni na pampu ya maji zizunguke haraka. Isiposhuka, geuza gari lielekee upepo, liache likiunguruma dakika tano. Kifuniko cha rejeta usikiguse kwanza.